Kulala Kambini na Trela Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka baridi ikianza kupungua, simu zinaanza. Binamu wa Ohio kanunua trela, rafiki Mkongomani wa Iowa kakodi ya wiki moja, na shemeji wa Minnesota anataka kujua kama anaweza kulala popote anapochoka. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Familia yetu inaishi Texas na tunavuta trela ya kulala yenye vitanda, jiko na choo. Majibu yanahusu trela ya namna hiyo, inayovutwa na gari la kawaida au pikapu. Magari ya kulala yenye injini yao yana mambo yao.

## Kabla ya kuondoka nyumbani

Kambi ya trela ni nini hasa? Si ni maegesho tu?

Ni kiwanja kilichogawanywa nafasi zenye namba. Kila nafasi ina sehemu ya kuegesha, mara nyingi meza ya mbao na duara la chuma la kuwashia moto, na pengine nguzo ya umeme na bomba la maji. Kuna choo na bafu la pamoja, na mahali pa kumwaga maji taka.

Wenye kambi ni wa aina tatu. Wa kwanza ni watu binafsi. Mtandao maarufu zaidi ni KOA, ulioanzia Billings, Montana, mwaka 1962 na sasa una kambi zaidi ya 500 Marekani na Kanada. Hizi zina kila kitu: bwawa la kuogelea, duka, mashine za kufulia, na jirani aliye karibu kiasi cha kusikia chafya yako. Wa pili ni majimbo, kupitia hifadhi zao. Wa tatu ni serikali kuu: hifadhi za taifa, misitu ya taifa, na kambi za wahandisi wa jeshi zilizo kando ya maziwa ya mabwawa yao. Hizo za wahandisi watu wengi hawazijui, na kwa maoni yangu ndizo zenye thamani kubwa kuliko bei yake: nafasi pana, maji mbele yako, kivuli.

Naona kambi nyingine "zina vyote" na nyingine hazina. Tofauti iko wapi?

Vitu vitatu: umeme, maji, na shimo la maji taka kwenye nafasi yako mwenyewe. Ukipata vyote vitatu, unaishi kama nyumbani. Kambi nyingi za majimbo zina umeme na maji tu, na maji taka unamwaga siku ya kuondoka kwenye kituo cha pamoja. Kambi nyingi ndani ya hifadhi za taifa hazina hata kimoja, na mtu aliyezoea hoteli hushtuka. Kwa usiku mmoja au miwili huhitaji shimo lako mwenyewe, na hakuna haja ya kulilipia.

Ni bei gani kwa usiku?

Kambi za serikali mara nyingi ni kati ya dola 20 na 40. Za binafsi zenye vyote ni dola 50 hadi 100, na karibu na fukwe au hifadhi maarufu zinapita hapo. Soma pia mstari mdogo chini: hifadhi za majimbo nyingi hutoza kiingilio cha kila siku juu ya bei ya nafasi.

Nibuku mapema kiasi gani?

Kwa wikiendi za joto na sikukuu, siku ileile dirisha la kubuku linapofunguliwa. Kambi nyingi za serikali kuu zinabukiwa kupitia Recreation.gov, na nyingi hufunguliwa miezi 6 kabla, saa 4 asubuhi kwa saa za Mashariki. Hifadhi za Texas hufungua miezi 5 kabla. Florida huwapa wakazi wake miezi 11 na wageni wa majimbo mengine miezi 10. Katikati ya wiki hali ni tofauti kabisa. Jumanne unaweza kupata nafasi nzuri kwa kupiga simu asubuhi yake.

Angalizo moja la kwetu: tovuti ikiandika 10:00 AM, hiyo ni saa 4 asubuhi, wala si saa kumi. Mama mmoja wa ukoo wetu alikaa alasiri akisubiri dirisha ambalo lilikuwa limefunguliwa tangu asubuhi.

Ukibadilisha nia, futa mapema. Recreation.gov hukata dola 10 za kufuta, na ukifuta dakika za mwisho unapoteza pia malipo ya usiku wa kwanza. Usipotokea kabisa bila taarifa, unalipa dola 20 pamoja na usiku huo wa kwanza.

Fomu inauliza urefu wa trela. Niandike ule ulio kwenye jina la modeli?

Hapana. Namba ya modeli mara nyingi inahesabu chumba tu, bila ule mkono wa mbele unaoshikana na gari wala bampa ya nyuma. Chukua futi, pima kutoka ncha ya kiungio hadi mwisho wa nyuma kabisa, pamoja na tairi la akiba kama linaning'inia. Trela iliyouzwa kama ya futi 21 inaweza kuwa 25. Futi hizo nne ndizo zitakazobaki barabarani kambini wakati watu wanataka kupita.

Je, pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa inalipia kulala?

Hailipii. Inalipia kuingia tu. Ila kuna pasi ya wazee kwa waliofikisha miaka 62, na hiyo, pamoja na kiingilio, hupunguza nusu ya bei ya kulala kwenye kambi nyingi za serikali kuu, zikiwemo zile za wahandisi wa jeshi. Ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu. Baba mwenye kadi ya kijani anastahili. Mama aliyekuja kutembea kwa viza hastahili, hata awe na miaka 80.

Nahitaji leseni maalumu?

Katika majimbo mengi leseni ya kawaida inatosha kwa trela za kawaida za familia. Kinachohitaji umakini ni uzito. Soma kibandiko kwenye mlango wa gari, na hakikisha mzigo unaokaa juu ya kiungio ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela. Ukiwa mwepesi mno mbele, trela itayumba kama mkia wa samaki. California ina kikomo chake: gari lenye trela halipiti maili 55 kwa saa, hata kama wengine wanakwenda 70.

## Kufika na kupanga

Nifike saa ngapi?

Jua likiwa bado juu. Kambi nyingi hupokea wageni kuanzia saa 8 mchana, na kutoka ni saa 5 asubuhi au saa 6 mchana. Mimi hupanga kufika kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, na safari ya siku siipimi kwa maili bali kwa jua. Karibu kila balaa nililopata kambini, mzizi wake ni giza: tawi lililokwaruza paa, bomba lililofungwa kombo, mtoto aliyekanyaga siafu wa moto wa Texas. Ukiona saa 11 jioni imefika na bado una saa tatu za barabara, tafuta kambi ya karibu.

Siwezi kurudi rivasi na trela. Nifanyeje?

Kwanza, unapobuku chagua nafasi ya kupita moja kwa moja: unaingia upande huu na kutoka upande ule, hakuna rivasi. Zina bei ya juu kidogo na kwa safari za mwanzo zinastahili.

Pili, jifunze kwenye uwanja mtupu wa kanisa, msikiti au shule siku ambayo hakuna watu. Shika usukani kwa chini, pale saa 6 inapokaa kwenye saa ya ukutani. Unakotaka nyuma ya trela iende, ndiko unakopeleka mkono. Kushoto, kushoto. Kulia, kulia. Nenda polepole, sogeza usukani kidogo, na ikianza kujikunja simama, vuta mbele inyooke, anza tena. Hakuna anayehesabu umejaribu mara ngapi. Shuka ukaangalie mwenyewe kila unapokuwa na shaka, hasa juu, kwa sababu matawi hayaonekani kwenye kioo.

Anayekuongoza asimame mahali unapomwona kwenye kioo. Ukimpoteza machoni, simama. Na kubalianeni maneno kabla: ndoa nyingi zimetikiswa na "njoo, njoo, njoo" isiyo na mwisho.

Nimeingia kwenye nafasi. Nianze na nini?

Kagua nguzo ya umeme kwanza, kabla hujatoa kitu chochote, kwa sababu ikiwa mbovu utahama. Halafu sawazisha kushoto na kulia kwa kupandisha tairi juu ya vibao. Kisha weka kabari matairi ya trela, mbele na nyuma, pande zote mbili. Ni baada ya kabari tu ndipo unaachanisha trela na gari. Hatua hii haibadilishwi. Trela isiyo na kabari, kwenye mteremko usiouona kwa macho, itaondoka yenyewe.

Baada ya kuachanisha, sawazisha mbele na nyuma kwa jeki ya mbele, teremsha miguu ya pembeni, unganisha umeme, unganisha maji. Miguu hiyo ya pembeni ni ya kuzuia mtikisiko. Haikuundwa kubeba trela, na ukiilazimisha itapinda.

Nikichelewa na kufika usiku?

Piga simu mapema siku hiyo. Kambi nyingi za binafsi huacha bahasha yenye jina lako na ramani nje ya ofisi. Hifadhi za majimbo nyingine hufunga geti usiku, na bila namba ya siri utalala nje.

Ukifika, fanya machache: ingia, kabari, umeme. Kama nafasi ina urefu wa kutosha, usiachanishe gari kabisa. Zima taa kubwa mapema maana zinapiga moja kwa moja kwenye madirisha ya waliolala. Mengine yatangoja asubuhi.

## Umeme, gesi na moto

Ampia 30 na ampia 50 ni tofauti gani? Mbona umeme unakatika nikipika?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa sababu sisi tunapika kweli. Plagi ya ampia 30 ina miguu mitatu na hutoa voti 120. Zidisha: wati 3,600 kwa trela nzima. Plagi ya ampia 50 ina miguu minne na huleta laini mbili, kila moja ya ampia 50, kwa hiyo jumla ni wati 12,000. Si tofauti ya ampia 20, ni zaidi ya mara tatu.

Sasa piga hesabu ya jioni ya kawaida kwenye ampia 30. Kiyoyozi kinakula ampia 12 au 13. Hita ya maji ikiwa kwenye umeme, nyingine 12 hivi. Hapo umeshafika 25. Mtu anakuja na birika la umeme la wati 1,500 kuchemsha chai, ampia 12 na nusu, na taa zote zinazimika. Jiko la umeme la kusongea ugali lina hamu ileile au zaidi.

Dawa ni kupeleka baadhi ya kazi kwenye gesi. Hita ya maji na friji za trela nyingi zinafanya kazi kwa gesi pia, swichi iko ukutani. Ugali songa kwenye jiko la gesi, au nje. Kama lazima utumie birika la umeme, zima kiyoyozi dakika tano. Chai ikishaiva, kiwashe.

Trela yangu ni ya ampia 30 na nguzo ina 50 tu. Naweza kutumia adapta?

Ndiyo, adapta ya kutoka 50 kwenda 30 ni salama kwa sababu trela yako ina sakiti breka yake ya ampia 30. Kinyume chake pia kinawezekana, lakini trela ya 50 itapata umeme wa 30 tu, na hesabu ya hapo juu inakuhusu. Usitumie waya mwembamba wa ekstensheni wa nyumbani. Utayeyuka. Nunua pia kinga ya umeme inayopima voti kabla ya kuziruhusu zipite. Siku za joto kali, kambi nzima ikiwasha viyoyozi, voti hushuka, na voti ndogo huua mota ya kiyoyozi kimyakimya.

Kuna baridi usiku. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa ndani kidogo?

Hapana. Wala lililobaki makaa tu bila moshi. Sote tumesikia habari za nyumbani za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa wamekufa asubuhi. Trela ni ndogo kuliko chumba hicho na imezibwa vizuri zaidi. Gesi ya mkaa haina harufu. Jaribu kengele za gesi za trela yako kabla ya kila safari kwa kubonyeza kitufe, na usizitoe betri kwa sababu zinalia ukikaanga vitunguu. Fungua dirisha badala yake.

Jenereta inaruhusiwa?

Inategemea kambi, na saa zake hubandikwa kwenye ubao wa kuingilia. Usiku, hapana. Tazama pia swali la saa za utulivu.

## Maji na choo

Naunganisha maji ya bomba moja kwa moja?

Weka kipunguza presha kwanza, pale bombani, si upande wa trela. Kambi nyingine zina presha ya kupasua viungio vya mabomba ya trela. Tumia mpira mweupe wa maji ya kunywa, usiwe ule wa kijani wa bustani, na uuweke mbali na vifaa vya maji taka. Watu wenye akili timamu wamewahi kuvichanganya.

Tangi la choo linafanyaje kazi? Nimwage lini?

Trela ina matangi mawili ya uchafu: la choo, na la maji ya sinki na bafu. La choo valvu yake ikae imefungwa siku zote, hata kama una shimo lako. Ukiiacha wazi, maji yanakimbia na kinyesi kinabaki kikijenga kichuguu. Jirani yetu mmoja aliiacha wazi wiki mbili. Sitasimulia zaidi, ila alikodi mtu.

Subiri tangi lijae angalau theluthi mbili. Vaa glovu, unganisha mpira mnene, hakikisha umejifunga pande zote mbili, kisha fungua la choo kwanza. Likiisha, funga, halafu fungua la maji ya sinki ili maji yenye sabuni yasafishe mpira. Ukigeuza utaratibu huo, utabaki na mpira mchafu. Mwisho tia ndoo moja ya maji na dawa kwenye tangi la choo kwa ajili ya safari inayofuata.

Sisi tunajisafisha kwa maji, si karatasi. Kuna tatizo?

Hakuna, tena ni afadhali. Adui wa tangi ni ukavu na karatasi nyingi, na maji yanasaidia kila kitu kushuka. Weka kopo au birika lako kama nyumbani. Karatasi ikitumika, iwe ile laini inayoyeyuka. Taulo zenye unyevu za watoto zisiingie chooni kamwe, hata pakiti ikisema zinaruhusiwa.

Maji ya udhu na ya kuoshea vyombo yaende kwenye sinki au mahali kambi ilipoelekeza. Kuyamwaga chini ya mti, hata kama ni safi machoni pako, karibu kila kambi inakataza.

Kambi haina maji. Tutadumu siku ngapi?

Tangi la galoni 40 ni lita 150 hivi. Wamarekani wa kambini wana darasa zima la kuoga kwa maji kidogo. Aliyekulia kwa ndoo na kopo hahitaji darasa. Familia yetu ya watu watano imekaa siku nne kwa tangi moja, na kilichotutoa hapo ni tangi la sinki kujaa, maji yenyewe yalikuwa hayajaisha. Osha vyombo kwenye beseni.

## Watu, chakula na majirani

Tuko kumi na mmoja. Tutaingia nafasi moja?

Kwa kawaida hapana. Kambi nyingi za serikali huruhusu watu 6 au 8 kwa nafasi, watoto wakihesabiwa, na magari mawili. Sisi tunapozidi hapo tunabuku nafasi mbili zinazopakana, moja ya trela na moja ya mahema, au ile kubwa ya kikundi kama tunakutana koo mbili. Wageni wa mchana wanaruhusiwa sehemu nyingi, wengine hulipa, na wanatakiwa kuondoka usiku. Usiwaambie "njooni tu" kabla ya kuuliza ofisi. Unajua watakuja na nani.

Saa za utulivu ni zipi? Na mwezi wa Ramadhani?

Kwa kawaida saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Muziki, jenereta na sauti kubwa vinakoma. Saa 4 usiku kwetu ndiyo kwanza hadithi zinanoga, najua. Hamia ndani, au mkae karibu na moto mkiongea chini. Mchana nao, spika iliyopiga Bongo Fleva hadi nafasi ya sita italeta mlinzi.

Daku inapikwa ndani ya saa za utulivu, na hakuna anayekukataza kupika. Pika ndani, kwa gesi, bila kufungua na kufunga milango ya gari. Tunaandaa usiku, alfajiri ni kupasha tu.

Tubebe kuni kutoka nyumbani?

Usibebe. Mdudu anayeua miti ya Marekani iitwayo "ash" kwa Kiingereza, yule wa rangi ya zumaridi aliyetoka Asia, aligunduliwa Michigan mwaka 2002 na ameteketeza mamilioni ya miti. Yeye mwenyewe haruki mbali. Anasafirishwa ndani ya kuni za watu wanaokwenda kambini. Majimbo mengi yana sheria juu ya hili. Nunua kuni palepale utakapozichoma, au zile zilizokaushwa kwa joto na kubandikwa alama. Mkaa wa dukani hauna shida.

Tunaweza kuchinja mbuzi kambini?

Nimeulizwa mara tatu, na watu watatu tofauti. Hapana. Damu na matumbo ni maji taka, huvutia wanyama, na watoto wa jirani hawatalala. Nenda kwenye shamba au machinjio ya halali siku moja kabla, akatwe huko, uje na nyama kwenye barafu. Kuchoma ruksa, kwenye wavu wa kambi au jiko lako, isipokuwa siku zenye marufuku ya moto. Majimbo ya magharibi yakiwa na ukame, hata mkaa hupigwa marufuku na linabaki jiko la gesi pekee.

Kwenye dubu je?

Chakula chote, sufuria, dawa ya meno na hata kreti ya soda ya jana viingie ndani ya trela au kwenye kabati la chuma. Kambi ya Fishing Bridge ndani ya Yellowstone inapokea vyombo vyenye kuta ngumu tu kwa sababu ya dubu, kwa hiyo trela ya kukunjua yenye turubai hairuhusiwi hata ukilipa. Soma masharti kabla ya kubuku.

## Hali zisizo za kawaida

Naweza kulala Walmart au kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu?

Walmart inategemea meneja wa duka lile na sheria ya mji ule. Ingia, uliza, usibahatishe. Ukikubaliwa, ni kulala: usitoe viti, usifungue ubavu wa trela unaotanuka nje, na nunua hata maziwa. Vituo vya mapumziko vinatofautiana kwa jimbo. Texas inaruhusu hadi saa 24. Florida ni saa 3 tu.

Kuna mahali pa bure kabisa?

Kuna, hasa magharibi. Ardhi za umma zinazosimamiwa na BLM (idara ya ardhi ya serikali kuu) na misitu ya taifa huruhusu kukaa nje ya kambi rasmi, mara nyingi hadi siku 14, halafu unahama. Hakuna maji, choo, wala taka kubebwa. Nenda kwanza na gari peke yake ukaone njia, kwa sababu kugeuza trela kwenye kijia cha mchanga ni somo usilolitaka, na trekta la kukuvuta si la bure.

Kuna njia ambazo trela haipiti?

Zipo, na ramani ya simu haikuambii. Barabara ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier hairuhusu, kwenye sehemu yake ya juu, chombo chenye urefu zaidi ya futi 21 au upana zaidi ya futi 8, gari na trela vikihesabiwa pamoja. Acha trela kambini, panda na gari.

Baltimore, njia mbili za chini ya maji haziruhusu mitungi ya gesi kama ile ya trela. Zamani jibu lilikuwa kupita daraja la Francis Scott Key. Daraja hilo lilianguka Machi 2024 baada ya kugongwa na meli, kwa hiyo sasa unazunguka kwa barabara ya 695 upande wa magharibi. Ndugu wa Maryland, ongezeni muda.

Watoto walale ndani ya trela tukiwa barabarani?

Hapana. Majimbo mengi yanakataza, na hata pasipokatazwa hakuna mkanda wala mtu wa kusikia wakiita.

Tukisimamishwa na maofisa wa uhamiaji?

Barabara za kusini mwa Texas, New Mexico na Arizona zina vituo vya ukaguzi mbali na mpaka wenyewe, na ukitoka kambi za Big Bend kwenda kaskazini unaweza kukutana nacho. Sheria inamtaka mwenye ukaazi wa kudumu mwenye miaka 18 na zaidi awe na kadi yake. Kadi iwe mfukoni. Ukiiacha kwenye droo ya trela, utaitafuta mbele ya bunduki na foleni.

Tahadhari ya tornado ikitolewa tukiwa kambini?

Toka kwenye trela. Haijalishi ni nzito kiasi gani. Nenda kwenye jengo imara, mara nyingi ni lile la bafu la matofali; uliza ofisi siku ya kufika ni lipi. Na jua jina la kaunti ulipo, maana tahadhari za redio hutaja kaunti. Sisi tulikaa nusu saa Oklahoma tukisikiliza majina bila kujua letu lilikuwa lipi. Tangu siku hiyo linaandikwa kwenye karatasi ya friji kabla ya kitu kingine.

Na baridi ya kugandisha?

Chomoa mpira wa maji usiku, tumia maji ya tangi, acha milango ya makabati ya sinki wazi joto liingie. Kambi nyingi za kaskazini hufunga mabomba yake ya maji mara baridi inapoanza kugandisha, kwa hiyo uliza kabla hujabuku ya Oktoba.

Asubuhi ya kuondoka nikague nini?

Zunguka trela nzima, mara mbili, peke yako, bila simu na bila mtu wa kukusemesha. Umeme umechomolewa, mpira wa maji, mpira wa taka, ngazi imekunjwa, miguu imepanda, antena imeshuka, kiungio kimefungwa na pini yake iko ndani, minyororo imepishana, taa za breki zinawaka. Kabari zinatoka mwisho. Kisha vuta futi chache, simama, shuka, angalia ulipokuwa.

Safari yetu ya pili, shemeji alikuwa ananiaga huku nikikagua. Tulivuta bomba la kambi na mpira wetu mweupe umbali wa nafasi nne, maji yakiruka kama chemchemi, na mzee mmoja Mmarekani akanyanyua kikombe chake cha kahawa kutusalimu. Nililipa bomba. Mpira ninao bado, mfupi kwa futi tatu.